Swali Alilouliza Thục

Tangu alfajiri Thục hakukalika. Alipanda ngazi mara nne, akashuka mara nne, na kila aliposhuka alikumbuka kwamba alichokifuata juu amekiacha juu. Nyumba yenyewe haina huruma na magoti ya mtu. Upana wake ni hatua tano tu, lakini urefu hauishi: sebule mbele, kiuwanja kidogo cha kuingiza mwanga katikati, jiko huko nyuma, na juu ya hayo ghorofa mbili. Ghorofa ya mwisho ni ya wazee. Wazee wenyewe ni marehemu: baba, mama, babu na bibi, picha zao zimepangwa kwenye meza nyeusi ya mti, na mbele yao bakuli la majivu lenye vijiti vya udi.

Ilikuwa mwezi wa pili wa mwandamo, ule mwezi ambao Hanoi nzima inatoka jasho. Nje manyunyu, ndani kuta zinalia maji, sakafu inateleza, nguo haikauki wiki nzima. Ng'ambo ya barabara, mafundi wa Mtaa wa Hàng Thiếc walikuwa wameshaanza kugonga mabati yao. Thục alizaliwa ndani ya kelele hiyo, miaka sitini na tatu iliyopita, na ilikuwa haimsumbui. Asubuhi hiyo kila nyundo ilimgonga yeye.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Nyumba ilikuwa inapangishwa. Amepatikana mwanamke mmoja, Quyên, kijana wa miaka thelathini na kitu, mchapakazi, anataka nyumba yote: chini auze kahawa, juu alaze wageni. Alishaikagua tangu mlango wa mbele mpaka choo cha nyuma, akaipenda. Kilichobaki ni kimoja, na alikisema bila kuzunguka.

"Shangazi, mimi sitaki ugomvi na waliokufa," alimwambia Thục. "Wageni wangu watalala pale pale walipo wazee wenu. Kwa hiyo waulizwe kwanza. Wakikubali kuhama, kesho tunaandikiana. Wakikataa, basi, mtanisamehe, kuna nyumba nyingine mtaa wa Hàng Quạt inanisubiri."

Wala hakuna aliyemcheka. Nani atalaza wageni kwenye chumba ambacho wenyewe hawajaridhika kutoka? Utapata wateja wa siku mbili, siku ya tatu mtu anakimbia na taulo kiunoni.

Hati ya nyumba ilikuwa kwa jina la Khải, mdogo wake Thục. Ndivyo baba alivyoandika, maana Khải ni mwanamume. Thục ndiye aliyebaki. Hakuolewa. Mama alilala kitandani miaka tisa, na aliyemgeuza, akamwosha, akamlisha uji kwa kijiko, ni Thục. Baba naye akafuata njia hiyo hiyo. Walipokwisha kufa wote wawili, Thục akaendelea kuwahudumia huko juu: chai kila asubuhi, udi, matunda tarehe mosi na tarehe kumi na tano. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama anapenda, naye hakuwahi kusema. Huo ndio ugonjwa wa ukoo ule, nauchukia mpaka leo: watu wanaweza kula sufuria moja miaka arobaini, kila mmoja ameuma ulimi wake.

Na Khải alikuwa na sababu. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na bado alikuwa anabeba abiria kwa pikipiki, koti la kijani la kampuni mgongoni, mvua na jua. Mwaka uliopita aliteleza darajani, mfupa wa bega ukavunjika, ukaunga vibaya. Mpaka leo akitaka kushika usukani anaunyanyua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, anauweka pale kama anaweka mzigo. Kodi ya nyumba ile ingemtoa barabarani. Thục angehamia kwake Hà Đông, ghorofa ya kumi na tisa, chumba kimoja na wazee.

"Utapumzika, dada," Khải alimwambia. "Kuna lifti. Magoti yako yatakushukuru."

Thục alijibu, "Sawa." Moyoni alikuwa anasema: nitakwenda kufanya nini kwenye jiko la wifi yangu? Nitaomba chumvi mpaka lini? Neno hilo, kama ilivyo desturi ya nyumba ile, halikutoka.

Saa ya heri iliyochaguliwa ilikuwa kati ya saa tatu na saa tano. Saa tatu na nusu meza ya wazee ilikuwa imejaa: kuku mzima wa kuchemsha na ua jekundu mdomoni, wali mwekundu wa kunata, popoo, tambuu, vikombe vitatu vya pombe. Quyên aliachwa sebuleni na kikombe cha chai, maana mgeni hana kazi huko juu. Khải alipanda na dada yake, akavua koti la kijani, akapiga magoti nyuma yake.

"Uliza wewe," alisema. "Mimi ndiye mwenye hati, lakini wazee wameizoea sauti yako."

Thục akachukua sarafu mbili za kale zenye tundu katikati. Kila moja upande mmoja umepakwa chokaa, upande mwingine umeachwa mweusi. Unasema ombi lako kwa kunong'ona, unazitupa kwenye sahani. Moja ikilala nyeupe na nyingine nyeusi, wamekubali. Zote nyeupe, wanacheka, uliza tena. Zote nyeusi, wamekataa. Mara tatu ndiyo mwisho kwa siku.

Hapo ndipo shetani alipompitia. Alikuwa ametumwa aulize: mnakubali kuhama? Alilikariri swali hilo tangu alfajiri. Akainamisha kichwa, akafumba macho, na kilichotoka kinywani kikawa kingine kabisa.

"Baba, mama, ni mimi Thục. Nataka kubaki humu humu pamoja nanyi mpaka nife. Mnanikubalia?"

Hakuwa mwizi, alikuwa na mpango wake. Wakikubali, atageuka amwambie Khải usoni: mimi nimewauliza hivi, na wao wamejibu hivi, nyumba haipangishwi. Nguvu ya kumkatalia mdogo wake hakuwa nayo, basi alitaka kuiazima kwa wafu.

Sarafu zikalia kwenye sahani. Nyeupe. Nyeupe.

"Wanacheka," Khải alisema nyuma yake, polepole.

Thục alihisi uso unawaka. Akazikusanya, akarudia swali lile lile kwa kulisukuma zaidi. "Nimewageuza, nimewaosha, sijawadai kitu. Nikubalieni nibaki." Akatupa.

Nyeusi. Nyeusi.

Alizitazama sarafu zile, akazitazama picha. Mama alikuwa anatazama mbele vile vile, nywele zimebanwa, mdomo umefungwa. Wamemkataa. Thục akanyoosha mkono azichukue mara ya tatu, maana mara ya tatu ni haki ya kila mtu.

Khải akamshika kiganja.

"Basi, dada. Inatosha."

"Imebaki moja."

"Inatosha. Wamesema hawahami. Tusiwasumbue wazee." Akainuka kwa kushikilia ukuta, akavaa koti lake, akasubiri udi uungue mpaka mwisho. Kisha akashuka.

Thục alibaki amepiga magoti. Angeanzia wapi? Ukweli ungetoka vipi sasa? Yeye amekataliwa, na kwa kukataliwa huko huko amepewa nyumba. Alimsikia Khải chini akimweleza Quyên kwa adabu, na Quyên akijibu kwamba hana kinyongo, bora wamesema mapema. Khải akamkatia paja la kuku na fungu la wali, akamfungia kwenye mfuko, kwa kuwa chakula cha wazee hakitupwi wala hakinyimwi mtu.

Alipotaka kuondoka, Khải aliita kutoka mlangoni. "Dada, kaa nyumbani kwako. Kula kuku huyo kabla hajapoa." Akaunyanyua mkono wake wa kulia, akauweka kwenye usukani, akaingia kwenye manyunyu.

Haya, Thục ameshinda. Kilichofuata kingekuwa mtu avute kiti, ajimiminie chai, ale paja lililobaki. Alikaa, akainuka. Akaosha mchele, akauweka pembeni, akauosha tena. Akapangusa sakafu, na sakafu ya mwezi huo ukiipangusa huku inalowa kule. Akaenda kulala, akaona kitanda kimekaa vibaya, akakivuta mpaka dirishani, akakirudisha. Kuku alimkata kipande, akakitafuna, hakikushuka. Wahenga wanasema mla kuku wa mwenziwe, miguu humwelekea. Kuku yule alinunuliwa na Khải.

Alitoka mlangoni kupata hewa. Pale kwenye kizingiti, miaka ishirini na mmoja sasa, Bi Sửu anauza chai kwenye viti vidogo vya plastiki, na hakuna kinachoingia wala kutoka nyumba ile bila yeye kukitolea maoni.

"Bi Thục, mbona unahangaika kama paka aliyehamishiwa watoto?" Bi Sửu aliuliza. "Mara ya sita hii natazama."

"Nini?" Thục alimgeuzia sikio la kulia. La kushoto lilikuwa limeanza kuziba tangu mwaka juzi.

"Nasema, umeshinda, kaa basi! Hata mimi umeniokoa. Yule binti na kahawa yake angenifagia na viti vyangu asubuhi ya kwanza."

"Nimekaa."

"Umekaa wapi? Umekaa na miguu inatembea? Kunywa chai hii. Wazee wamekutetea, na wewe umenuna kama umefiwa."

"Hawakunitetea," Thục alisema.

"Wamefanyaje?"

"Hawakufanya kitu. Chai yako ina majani mengi."

"Chai yangu iache," Bi Sửu alisema, lakini alimwangalia kwa jicho la pembeni, akamwongezea maji ya moto kikombeni.

Thục akarudi ndani, akapanda moja kwa moja mpaka juu. Hasira ilikuwa imemfika kooni. Akasimama mbele ya meza bila kuwasha udi, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akawasema wazazi wake.

"Miaka yote hii. Mama, nimekugeuza usiku mara tatu kila usiku ili usipate vidonda, na hukupata hata kimoja. Baba, ulinitapikia, nikakwambia si kitu. Aliniposa mwalimu wa Nam Định, mkasema nani atatutazama, nikamrudishia barua yake. Leo naomba kitu kimoja. Mnacheka? Nimesema nini cha kuchekesha?"

Hawakujibu. Wafu wana kiburi. Aliziangalia sarafu kwenye sahani, zikiwa bado zimelala nyeusi. Angeweza kuzitupa tena, hakuna anayemwona. Akazigusa, akazichukua kiganjani, akazirudisha, kwa sababu aliogopa. Akufukuzaye hakwambii toka, na hawa walikuwa wamemwambia kabisa.

Akashuka hadi katikati ya ngazi, akasimama, akapanda vipandio vitatu, akashuka vitano. Alikuwa anafanya hesabu ambayo haikubali: amebaki kwenye nyumba ya watu wasiomtaka, na ili abaki, amemrudisha barabarani mtu pekee anayemtaka. Manyunyu yalikuwa yamezidi, paa la bati la jikoni lilikuwa linalia. Alifikiria lile daraja na vyuma vyake vilivyolowa. La kuvunda halina ubani, alijiambia, na akatoa simu mfukoni. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, saa ambayo Hanoi yote iko juu ya pikipiki.

Khải alipokea kwa mlio wa tatu. Nyuma yake zilikuwa honi tupu.

"Dada? Umeanguka?"

"Sijaanguka. Uko wapi?"

"Njiani kuelekea daraja la Long Biên. Kuna abiria ananisubiri ng'ambo. Sema haraka, mkono mmoja umeshika simu."

"Khải, asubuhi sikuwauliza ulichonituma."

Thục aliibana simu kwenye sikio la kulia, akaendelea kabla ulimi haujarudi nyuma.

"Niliwauliza kama nibaki. Walicheka, halafu wakakataa. Hawakukataa kuhama, hilo hawajaulizwa. Mimi ndiye niliyekataliwa. Nimekudanganya, mdogo wangu, nimemfukuza mpangaji wako."

"Najua," Khải alisema, na sauti yake haikuwa na mshangao wowote.

"Unajua nini?"

"Nilisikia. Nilikuwa nyuma yako kabisa. Dada, tangu sikio lako liharibike, unadhani unanong'ona, kumbe unatangaza. La kwanza nililisikia, na la pili nililisikia. Sijui kama hata Quyên hakusikia huko chini."

Thục alishika ukuta uliolowa. "Na bado ukashuka ukamwambia wazee hawahami?"

"Nikamwambia."

"Kwa nini?"

Honi zikapita, moja ndefu ya lori. Khải alikohoa. "Tangu nizaliwe sijakusikia ukiomba kitu. Si kwa baba, si kwa mama, si kwangu. Leo ndiyo mara ya kwanza, na unakataliwa papo hapo, mbele ya macho yangu. Wao wamekukatalia, shauri yao. Mimi sikuweza."

"Ndiyo maana ukanishika mkono."

"Ulikuwa unataka kutupa tena. Ningekaa nikuangalie unakataliwa mara mbili?"

Thục akakaa. Alikaa pale pale kwenye kipandio, na machozi yakamtoka bila sauti, akayaacha. Hakuwa na haja ya kuyaficha, ngazi ile ilikuwa imelowa tangu asubuhi.

"Dada? Upo?"

"Nipo. Bega linaumaje?"

"Linauma kukinyesha."

"Na sasa kunanyesha."

"Sasa ni manyunyu tu."

"Usinitanie. Mpigie Quyên kabla hajaandikiana na watu wa Hàng Quạt. Mwambie arudi kesho, saa ya heri itafute mwenyewe. Nitawauliza wazee swali lako, kwa sauti yangu hii mbovu, mpaka Bi Sửu asikie huko nje."

"Wakikataa?"

"Nitagombana nao. Nina mengi ya kuwaambia, na leo nimeanza."

"Dada, usifanye hivi kwa kunihurumia. Nyumba ni yako. Nilishasema."

"Ni yangu?"

"Ni yako."

"Basi mimi ndiye ninayeipangisha," Thục alisema. "Mwambie wifi asihangaike kunitafutia pazia la kunitenga na wazee. Mimi na wazee tutalala chumba kimoja, tumezoeana. Ila jikoni kwake nitaingia nikitaka, na chumvi sitaiomba."

Khải alicheka, kicheko kifupi kilichokatwa na kikohozi, na katikati yake Thục alisikia injini ikiunguruma tena.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa abiria. Ananisubiri ng'ambo ya daraja, nimekwambia."

"Mwambie apande na mwingine."

"Dada, ni mmoja tu huyu, nimfikishe halafu..."

"Khải. Sijawahi kukuomba kitu, umesema mwenyewe. Nakuomba. Shuka kwenye hiyo pikipiki."

Injini iliendelea kuunguruma. Watu walikuwa wanampigia honi apishe njia, mmoja alimtukana mama yake waziwazi. Thục alikuwa amesimama tena, bila kujua amesimama saa ngapi, simu imebanwa sikioni mpaka sikio linauma. Kisha injini ikazimika.

"Nimeshuka, dada," Khải alisema.